Mama Mkwe Mwenye Kofia

Miaka ya tisini, nyumba yenye deki ya video ilikuwa na utaratibu wake wa kupokea mgeni. Kwanza aliketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kroshia, kisha akapewa soda, kisha albamu ya picha ikawekwa magotini pake. Soda ikifika nusu, mtu aliwasha runinga na harusi ikaanza. Haikujalisha kama mgeni aliwajua maharusi. Nyumbani kwetu Kitengela, katika ploti ya kupanga karibu na barabara ya Namanga, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya stima aliwahi kuketishwa akamtazama dada mdogo wa mama akivishwa pete.

Harusi hiyo ilifanyika kwao mama, Magharibi, na ilikuwa ndefu kama harusi zetu zote. Kulikuwa na kanisa, keki, hotuba juu ya hotuba, halafu zawadi. Mwisho kabisa alitokea Kukhu, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa mama, akicheza mabega na blanketi jipya kichwani, akielekea kumfunika mama wa bwana harusi. Vigelegele vinapanda. Kukhu anashika pindo la blanketi alifungue. Hapo picha inakatika, zinapita chenga nyeupe kidogo, na mzungu asiye na shati anampiga mwenzake ngumi ya taya.

Hiyo ilikuwa kazi ya baba. Jumapili moja alasiri sisi tulikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya, yeye amebaki nyumbani na homa yake. Runinga ikaonyesha filamu ya zamani ya ngumi, ya rangi nyeusi na nyeupe, ikampendeza, akachukua kaseti iliyokuwa karibu akabonyeza kitufe cha kurekodi. Aliamini kwamba harusi ilikuwa imeisha, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuitazama akapita hotuba ya pili.

"Umefuta mamangu," mama alimwambia.

"Sijamfuta. Nimemkatiza tu."

Kwetu jambo hilo halikuwa dogo. Mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kama kuna neno, linapitia kwa mtu wa tatu, mara nyingi mtoto. Sasa baba, aliyemheshimu mama mkwe wake miaka yote hiyo bila doa, alikuwa amemwekea mtu aliye nusu uchi juu ya ngoma yake. Mama alinuna mpaka majirani wakajua.

Kaseti isingeweza kutupwa, harusi bado ilikuwa humo. Wageni waliendelea kuonyeshwa, na ilipofika ile ngumi hakuna aliyeinuka kuzima. Hilo ndilo lililonishangaza, na bado linanishangaza. Mtaani kulikuwa na vibanda vya video vyenye filamu za karate za rangi, watu wakiruka mapaa. Kwa nini watu wazima wakae kwetu na soda iliyokwisha gesi wakitazama kitu kilichotengenezwa zamani hivyo, Hollywood ilipokuwa ndiyo tu imejifunza kutoa sauti, na sauti yenyewe ikitoka kana kwamba watu wanaongea ndani ya debe?

Nimeifikiria sana. Steringi, maana filamu ikiwa na jina lolote shujaa wake kwetu aliitwa steringi, hakuwa kijana. Pua ilikuwa imepinda, nywele zimeanza kumkimbia, na kazi yake ilikuwa udobi. Nusu ya filamu ni nguo. Mvuke, pasi, bunda la mashuka mgongoni, ngazi za nyumba za matajiri. Ngumi alipigana kwa sababu udobi haukutosha. Kabla ya kila pambano alivua shati, akalikunja taratibu, mikono nyuma na kola juu, akaliweka kwenye stuli, kisha akaenda kupigwa. Mama, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alipiga pasi sare zetu kama tunaenda kukaguliwa na jeshi, alisahau kununa alipofika hapo.

"Angalia hiyo kola," alisema. "Huyu ni mtu."

Lakini kilichowashika wageni zaidi kilikuwa meza. Dobi yule aliishi na mama mkwe wake. Mama mkwe mwenyewe alikuwa na kofia kubwa yenye unyoya, hakuivua hata akila, na alikaa ana kwa ana na mkwe wake akinywa supu ya bakuli moja na yeye, akimwambia usoni kwamba hafai. Hakuna ngumi iliyowashtua watu wetu kama supu ile.

Mwenye ploti, mzee wa Kimasai aliyepita kila mara kuangalia tangi lake la maji, aliingia siku moja tukiwa hapo. Akatusalimu, "Supa," tukajibu, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Huyo mama ni nani?"

"Ni mama ya mke wake," nikamjibu.

"Na wanakula pamoja?"

"Ndio."

Akaketi. "Hata sisi hatuwezi. Hiyo boma imeharibika." Wiki iliyofuata alirudi na ndugu yake amwonyeshe meza ile. Ngumi zenyewe hazikumkera, ila mabondia walipochoka wakashikana kifuani alinigeukia akauliza kwa upole, "Saa hii wamepatana?"

Pambano la mwisho ni dobi na kijana mwenye nywele zilizopakwa mafuta. Mama mkwe, aliyeapa kwamba hatakanyaga mahali pale, anaingia kwa siri, kofia imeshushwa mpaka machoni, anakaa nyuma. Sisi tunamwona, dobi hamwoni. Dobi anapigwa, anaanguka. Refa anainua mkono aanze kuhesabu. Na yule mama mwenye kofia anasimama kwenye kiti chake. Basi. Tepu imeisha, chenga tupu.

Hapo ndipo kelele zilipoanza sebuleni kwetu. Jirani yetu Mkamba, fundi wa nguo, hakutaka kusikia upuuzi. "Steringi hawezi lala hapo. Ataamka tu." Mwenye ploti alikuwa ameangalia miguu. "Mguu yake imekufa. Ng'ombe ikianguka hivyo haiamki." Mama alisema swali si hilo, swali ni yule mama amesimama kufanya nini.

Halafu wote walimgeukia baba. Si ni wewe ulirekodi? Tepu iliisha, lakini runinga haikuisha.

"Nilisinzia," alisema.

Mimi sikumwamini. Nimezaliwa na pua ya kuchungulia mambo, na nilikumbuka kwamba Jumapili ile tuliporudi kutoka kwaya tulimkuta ameketi wima, chai yake imepoa bila kuguswa. Baba akisinzia hukoroma mpaka ploti nzima inajua. Nilimuuliza tena akiwa peke yake, nikamuuliza akiwa na furaha, nikamuuliza akinyoa ndevu. Jibu lilikuwa lilelile.

Kisha mambo yakageuka. Kiwanda cha Athi River alikofanya kazi kilipunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Hakukata tamaa upesi. Alikwenda Kimana, akakodi shamba kando ya mfereji, akapanda nyanya. Sisi tulibaki Kitengela na mama na mshahara wake wa ualimu. Nyanya zilistawi mpaka tukaanza kuongea juu ya nyumba ya mawe, kisha mvua ikanyesha wakati usiofaa, ukungu ukaingia, na majani yakawa meusi kama yamechomwa. Baba alirudi na begi moja na viatu vyenye udongo wa kule. Alikaa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Siku zikapita, naye yuko palepale. Mara nyingine aliweka ile filamu bila sauti, akatazama dobi akikunja shati, akarudisha nyuma, akatazama tena. Niliogopa. Ni heri angepiga kelele.

Habari zilifika Magharibi. Wajomba walituma ujumbe kwamba Kukhu anakuja kuona wajukuu. Mama alisoma maana yake bila miwani. Kukhu alikuwa anakuja kutuchukua, mama na sisi watoto, tukakae kwao mpaka baba asimame tena kwa miguu yake. Nilimsikia mama jikoni akimwambia yule fundi wa nguo, "Nikienda na watoto, huyu hatainuka tena. Namjua." Mimi nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kuelewa, na sikutaka kwenda. Nilitaka shule yangu, rafiki zangu, upepo wetu wa vumbi. Zaidi ya yote sikutaka baba abaki peke yake na kiti kile.

Kukhu alifika na kuku hai, ndizi, na blanketi la miraba alilojifunika ndani ya basi, kwa sababu aliambiwa Kitengela kuna baridi ya kukata. Baba alihamia nje kwa heshima. Alikaa kwenye stuli kando ya tangi, chini ya dirisha la sebule, na chakula chake kikapelekwa huko. Dirisha lilikuwa wazi. Kila mmoja alimsikia mwenzake akikohoa, lakini maneno yalipaswa kupita kwangu. "Mwambie baba yako nimefika salama." Natoka, nazunguka, nasema. "Mwambie mama," ndivyo baba alivyomwita Kukhu, "ashukuriwe." Nazunguka tena. Kusudi la safari hakuligusa bado, na sisi tulitembea ndani ya nyumba kama kuna mgonjwa.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, alisema anataka kuona harusi ya mtoto wake.

Mama alisema deki imeharibika. Mdogo wangu, ambaye hakuwa na akili ya siri, akasema haijaharibika, juzi tumetazama. Ikabidi.

Kukhu alifurahia kanisa, akafurahia keki, akawataja waliokufa tangu siku ile. Alipojiona anatokea na blanketi kichwani alipiga kigelegele kidogo na kushika mkono wangu. Kisha chenga. Kisha ngumi.

Kukhu aliuachia mkono wangu.

"Mimi nimeenda wapi?" aliuliza.

"Mashine ilikata, mama," mama akajibu.

"Na huyu wa uchi?"

"Ni mtu wa ngumi."

"Nani alimweka mtu wa ngumi juu yangu?"

Chini ya dirisha baba alikohoa kikohozi kisicho na homa.

Nilinyoosha mkono nizime, Kukhu akanizuia. Dobi alikuwa anakunja shati. Kukhu alimtazama mpaka kola ikakaa sawa, akasema, "Huyo ni mwanamume wa kazi. Niambie wanasema nini." Nikaanza kumtafsiria Kiingereza kile cha ndani ya debe, nusu nikisikia na nusu nikibuni. Ilipofika meza ya supu alijifunika uso kwa leso. Baadaye akaishusha kidogo, jicho moja likabaki nje.

"Anamtukana mkwe wake akiwa anakula?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Tafsiri vizuri."

"Anamwambia hafai. Anamwambia binti yake angeolewa na mtu mwingine."

Leso ilishuka yote. Nilimtazama yeye kuliko filamu, na niliona amesogea mpaka ukingo wa kiti, mikono ameikunja mapajani. Mama mkwe wa kwenye filamu alipoingia kwa siri na kofia yake, Kukhu alivuta pumzi. Dobi akaanguka, refa akainua mkono, kofia ikasimama, chenga.

"Ameinuka?"

"Hatujui. Tepu iliisha."

"Nani alikuwa anatazama?"

"Ni baba."

"Nenda umuulize. Mwambie ni mimi nauliza."

Nilizunguka. Baba alikuwa ameketi akiangalia mikono yake. Alikuwa amesikia kila kitu, lakini nilisema kama inavyotakiwa: Kukhu anauliza kama yule mtu aliinuka. Nilisubiri "nilisinzia". Alijifuta mikono kwenye suruali, na mikono yenyewe haikuwa na maji.

"Mwambie mama kwamba yule mtu hakuinuka."

Kumbe alijua! Wageni wote wale, kelele zote zile, na mtu alikuwa na jibu mfukoni.

"Alihesabiwa akabaki chini," aliendelea, taratibu, sauti yake imeelekea dirishani ingawa macho yako kwangu. "Watu wakaanza kuenda nyumbani. Mwambie yule mama wa kofia ndiye alibaki. Alikuwa amekuja na blanketi. Akapanda kwa ulingo, akamfunika nayo."

"Halafu?"

"Halafu wakaenda nyumbani wote. Kesho yake jamaa akarudi kazini."

Nilizunguka, nikayarudia maneno yote kwa Kukhu, ambaye aliyasikia tayari. Kisha akacheka kidogo, kwa puani.

"Mzungu gani anaenda kwa ngumi na blanketi?"

Nikainua mabega. Akatazama runinga iliyojaa chenga.

"Rudi umuulize. Huyo mtu alirudi kazini kweli?"

Nilizunguka tena.

"Mwambie alirudi. Mwambie uso ulikuwa bado umevimba, lakini alirudi."

Jioni Kukhu alikuwa na mama jikoni, na mimi nilikuwa mlangoni nikijifanya nachambua mchele. Nilimsikia akisema, "Nitawaambia ndugu zako kwamba watoto wana shule." Mama alishika sinki akalia. Mimi nililia juu ya mchele kwa furaha, nikalazimika kuuosha mara mbili.

Asubuhi Kukhu aliondoka peke yake kama alivyokuja. Tulipoingia ndani tuliona blanketi la miraba kwenye kiti cha baba, limekunjwa pembe kwa pembe. Mama alilinyakua akakimbia nalo barabarani akiita kwamba amesahau. Kukhu hakugeuka hata kusimama.

"Sijasahau kitu," alisema. "Rudisha mahali umetoa."

Baba alilala nalo siku chache tu pale Kitengela, kisha akalitia ndani ya begi akarudi Kimana. Msimu ule alipanda vitunguu. Sitasema alitajirika, Kimana haijui kutajirisha watu wa kukodi shamba, lakini hakurudi tena kukaa kwenye kiti kile.

Miaka ikapita. Deki zikafa, zikaja diski zilizobanwa filamu nyingi pamoja, zikiuzwa juu ya karatasi ya nailoni kando ya barabara. Nilikuwa nafanya kazi, nimepanga chumba changu mwenyewe palepale Kitengela, nikapita kwa muuzaji mmoja nikaona diski ya filamu za kale za ngumi. Niliinunua kwa sababu ya udadisi tu, sikutarajia kitu. Karibu na mwisho wa orodha akatokea mtu mwenye pua iliyopinda, anakunja shati, mikono nyuma na kola juu. Nilipiga ukelele peke yangu chumbani.

Nilitazama mpaka ilipofika pale. Dobi anaanguka. Refa anainua mkono. Kofia inasimama. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa mtoto. Refa alihesabu, dobi hakuinuka. Baba alisema kweli. Na yule mama mwenye kofia alirekebisha unyoya wake, akageuka, akatoka mbele ya watu wote. Hakutazama nyuma. Ukumbi ukabaki mtupu. Dobi akakaa kwenye stuli akajaribu kukunja shati lake, vidole vimevimba, havikunji. Akalisokota tu akalitia kwapani, akatoka. Mwisho.

Nilirudisha nyuma. Nilitafuta blanketi kwa yule mama, nikatafuta kwa refa, nikatafuta hata kwenye viti vya nyuma. Hakukuwa na blanketi popote ndani ya filamu ile.

Wakati huo Kukhu alikuwa ameshazikwa. Nilimfuata baba Kimana mwishoni mwa juma. Nilimkuta akifungulia maji kwenye matuta ya vitunguu, suruali imekunjwa hadi magotini, amezeeka vizuri. Nilimsalimu, nikasaidia kuziba tuta lililopasuka, kisha nikashindwa kuvumilia.

"Baba, ile filamu nimeiona. Yote."

Alisimama na jembe lake. "Ehe. Uliipata wapi?"

"Blanketi haiko."

"Haiko," alikubali, bila aibu yoyote.

"Yule mama alienda. Alimwacha hapo."

"Alienda. Nilimwona kwa macho yangu. Nilikasirika mpaka chai ikapoa, sikutaka hata kuisimulia."

"Sasa kwa nini ulituambia hivyo?"

Aliendelea kuelekeza maji, tuta hadi tuta.

"Kukhu wako alikuwa amekuja kunichukulia watoto," alisema. "Mimi na yeye hatukuwa tunaongea. Ungetaka nimwombe na mdomo gani?"

Nilisimama kwenye matope nikiwaza jinsi nilivyozunguka ile nyumba, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, nikijiona mjanja kuliko wote. Mimi niliyebeba maneno yale sikujua nilikuwa nimebeba nini.

"Na Kukhu alikuamini?" niliuliza. "Aliamini kweli blanketi ilikuwa kwa filamu?"

Baba alielekeza kidevu kwenye kibanda chake. Kitanda kilionekana kupitia mlango uliokuwa wazi, na juu yake blanketi la miraba, limefifia, limekunjwa pembe kwa pembe.

"Kama aliamini," alisema, "hiyo aliniachia ya nini?"